Msitu wa Kakamega tukiwa na Mama mwenye goti bovu: uzoefu wangu

Mama yangu ana miaka 71 na goti lake la kulia halitaki mteremko. Mwanangu ana miaka 8 na kwake kutembea ni kukimbia. Nilipopanga kuwatoa Kisumu niwapeleke Msitu wa Kakamega, swali lililoninyima usingizi lilikuwa hilo: nani atamngoja nani?

Tuliacha barabara kuu Khayega, tukapita Shinyalu hadi Isecheno, kituo cha kuingilia msituni. Nia yetu ilikuwa kuliona jua likichomoza tukiwa juu ya kilima cha Lirhanda, lakini gari tulilokodi lilichelewa saa nzima. Iliniuma sana. Alfajiri ndipo ukungu unapolala juu ya miti, na sisi tulifika umeshayeyuka.

Aliyeiokoa siku ni mwelekezi. Alimtazama Mama akishuka garini, akamwambia, "Mama, wewe ndiwe utakayetangulia. Sisi tutafuata mwendo wako." Nimetembea na waelekezi wengi, na kawaida hutangulia wao, mzee akaachwa nyuma akihema na kuona haya. Huyu alimpa mtoto kazi ya kutafuta mbega juu ya miti, kwa hiyo naye akatulia, shingo juu, miguu polepole.

Njia za chini ni tambarare na zina kivuli muda wote. Tulisimama kwenye mti wa mutere, shina nene lenye makovu mahali watu walipobandua gome la dawa. Hapo Mama akageuka kuwa mwelekezi. Alitaja miti kwa Kiluhya, mmoja baada ya mwingine, na ule ambao bibi yake alikuwa akiuchemshia watoto. Sikuwahi kumsikia akisimulia hayo nyumbani. Mwelekezi wetu akasikiliza kwa adabu, kisha akamweleza mwanangu kwamba msitu huu ni mabaki ya ule mkubwa uliowahi kuungana na misitu ya Kongo. "Kukhu, ulikuwepo?" mtoto akamuuliza bibi yake.

Lirhanda si kilima kirefu, ila kina sehemu zenye mwinamo. Mama alipanda na fimbo hadi kwenye handaki la zamani la wachimba dhahabu, ambalo sasa lina popo, akasema panamtosha. Hakuna aliyembembeleza wala kumharakisha. Mimi na mtoto tulifika juu: msitu umetandazwa chini yetu, na mashariki ukingo wa Nandi umesimama kama ukuta.

Ukienda, vaa viatu vya kufunika na uchomeke suruali ndani ya soksi, siafu wa huko hawana huruma. Nenda asubuhi, mvua hupenda kuja mchana. Na mweleze mwelekezi mapema hali ya kila mtu mliye naye, hata kama mwenyewe anakukonyeza unyamaze.

Tunarudi Agosti. Safari hii tutalala karibu na msitu, Mama auone ukungu.