Breki za Baiskeli Kuukuu ya Mbio: Angalia Nati Kabla ya Kulipa

Malalamiko ya wasomaji wanaofufua baiskeli za zamani za mbio yanafanana mno. Mtu ametoa magurudumu ya inchi 27, ameweka ya 700C kwa sababu tairi zake zinapatikana kirahisi, amepima urefu wa breki (umbali kutoka bolti yake hadi rimu) kama alivyoelekezwa na kununua kalipa, zile breki za mikono miwili inayobana rimu, zenye vipimo sahihi. Mzigo unafika. Vipira vya breki vinagusa rimu pale pale panapotakiwa. Halafu anageuza foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) atazame nyuma, na nati inagoma kuingia kwenye tundu.

Uzito, rangi na sifa za kwenye boksi leo siziongelei. Kalipa yoyote nzuri ya pivoti mbili, yaani ambayo kila mkono una egemeo lake, ikifungwa vizuri kwenye rimu ya alumini, itakusimamisha. Kama rimu zako za zamani zilikuwa za chuma kilichong'arishwa kwa kromu, badiliko kubwa utakaloliona mvua ikinyesha linatokana na rimu mpya kabla hata hujagusa breki.

Urefu nao ninaupitia haraka, maana umeshaandikwa sana. Tairi ya inchi 27 inakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 630, ya 700C kwenye 622. Tofauti ni 8, kwa hiyo kila kipira kinatakiwa kushuka milimita 4 tu. Kabla hujatoa hela yoyote, legeza vipira vya breki uliyo nayo, uvishushe mpaka mwisho wa mwanya wake kwenye mkono wa breki. Mara nyingi vinafika, na safari ya dukani inaishia hapo. Anayekwenda 650B, saizi nyingine ya gurudumu ambayo ni 584, huyo anahitaji kushuka milimita 19 zaidi ya 700C na kazi yake ni nyingine kabisa.

Visipofika, pima kutoka katikati ya tundu la breki hadi katikati ya ukuta wa rimu, mbele na nyuma kila upande peke yake, kwa sababu ni kawaida vitofautiane. Nyuma kuna mtego wa ziada. Fremu nyingi za zamani zina mianya mirefu ya kukalia ekseli, na imelala kwa mteremko. Ukisogeza gurudumu kukaza mnyororo, rimu nayo inaweza kuhama kutoka kwenye kidaraja cha breki, kile kibomba cha fremu ambapo breki ya nyuma inafungwa. Kaza mnyororo kwanza, funga ekseli, ndipo upime.

Sasa nati, ambayo kwenye matangazo ya breki siioni ikitajwa.

Fremu nyingi za mbio za miaka ya 1970 zina tundu la milimita 6 lililopita moja kwa moja kwenye kichwa cha foku. Bolti ya breki ni ndefu: inaingia mbele, inatokeza nyuma, inavishwa washa na nati ya kawaida, inakazwa kwa spana namba 10. Kalipa za leo nyingi zimetengenezwa kwa fremu za namna nyingine. Bolti yake ni fupi na inaishia ndani ya kichwa cha foku. Nati yake ni kijineli, yaani nati ya umbo la kibomba chembamba cha kama milimita 8 kwa unene, kinachoingizwa kutoka nyuma, kiufuate mwisho wa bolti humo ndani, kisha kikazwe kwa alen namba 5. Kijineli cha 8 hakiingii kwenye tundu la 6.

Ukimrudia muuzaji atakwambia utafute nati ya kawaida. Jaribu uone: ingiza bolti, chungulia nyuma. Tundu liko tupu, uzi wa bolti haujafika nje, hiyo nati utaifunga wapi? Hapo ndipo watu wanaposhika keekee na kutoboa fremu jikoni usiku. Wengine wanaifungia nati kwenye uzi mbili tatu zilizochungulia, na hili linanitia hofu kweli, kwa sababu breki ya mbele ikichomoka njiani inaangukia kwenye gurudumu. Kukaza kunakotakiwa pale ni nyutoni-mita 8 hadi 10, na uzi mbili si za kutegemea maisha yako.

Kwa hiyo ninazipanga breki hizi kwa kigezo hicho kuliko vingine vyote.

Ya kwanza kwangu ni Tektro, na sina haja ya kuzunguka: ndiyo ninayoipenda. Kampuni hii ya Taiwani inatengeneza R539, inayofika milimita 47 hadi 57, na R559, inayofika 55 hadi 73. Zote mbili zipo katika matoleo mawili, la kijineli na la bolti ndefu yenye nati ya kawaida. Hilo la pili ndilo lako. Inapita kwenye tundu la 6, unaikaza kwa spana ile ile ya breki ya zamani, fremu haiguswi hata kwa tupa. Zina pivoti mbili na kitasa kidogo ubavuni cha kufungua mikono unapotoa gurudumu, jambo lenye maana kubwa kwa kuwa leva nyingi za zamani (zile unazobana kwa vidole) hazina pa kulegezea waya. Leva hizo za zamani zinafanya nazo kazi, ila nyoosha gurudumu vizuri, maana kalipa za pivoti mbili vipira vyake vinatakiwa kukaa karibu na rimu. Kama vipimo vyako ni 54 mbele na 60 nyuma, chukua R539 moja na R559 moja. Usikubali kulazimishwa jozi. Na ukipata uhuru wa kuchagua, kaa na fupi kadiri vipimo vinavyoruhusu, kwa sababu mkono mrefu unapinda zaidi unapobana.

Kidokezo kimoja juu ya R559: ukijikuta kwenye 72 au 73, kipira kinakaa kwenye ncha kabisa ya mwanya. Hakikisha washa yake imekalia mkono wa breki pande zote, isiwe nusu iko hewani.

Nafasi ya pili ninawapa Shimano kwa breki zao za milimita 47 hadi 57, kama BR-R451. Ni breki nzuri, imara, inabana kwa ulaini. Ila imetengenezwa kwa kijineli, na hapo unahitaji ujanja ambao mafundi wa baiskeli za zamani wanaujua. Bolti ya kalipa ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma, na kidaraja cha nyuma ni chembamba kuliko kichwa cha foku. Nunua kalipa mbili za mbele. Moja ifunge nyuma: bolti yake inavuka kidaraja na kubakiza uzi wa kutosha kwa nati ya kawaida ya M6, ile yenye nailoni ndani. Kwa ya mbele, panua ukuta wa nyuma tu wa kichwa cha foku hadi milimita 8 na uuache wa mbele na 6 yake. Kazi hiyo mpe fundi mwenye mashine ya kutobolea ya kusimama. Kidaraja cha nyuma kisitobolewe kabisa, ni bomba jembamba. Kama fremu ni ya thamani kwako, rudi Tektro.

Ya tatu ni breki za kuvutwa katikati, ambazo waya unavuta mikono yote miwili kutoka katikati, Weinmann 610 na 750 au MAFAC Racer. Bolti zake ni za zama zile zile za fremu yako, kwa hiyo tatizo la nati halipo. Lakini zinahitaji kishikio cha waya mbele kwenye shingo na kingine nyuma chini ya kiti, pamoja na kile kiwaya kinachounganisha mikono miwili. Wauzaji wa vitu vya zamani hapa wananikera. Wanauza mikono mitupu bila vishikio, vipira vimekauka vikawa kama mfupa, na bei inakaribia ya breki mpya kamili kwa sababu tu mtu kaandika kwamba ni za kizamani na adimu. Vishikio unavitafuta kwa mwingine, naye anajua umebanwa. Ukizipata zikiwa kamili, weka vipira vya Kool-Stop vya rangi ya samoni, utaridhika nazo.

V-breki, zile za mikono mirefu iliyosimama za baiskeli za milimani, ziache. Zinahitaji vishikizo vilivyochomelewa kwenye foku, na zinavuta waya karibu mara mbili ya leva za kawaida za mbio.

Za bei ya chini kabisa, zile za bati lililokunjwa zisizo na jina, bolti yake ndefu itapita kwenye tundu lako. Mikono inapinda ukibana. Siziweki kwenye orodha.

Wauzaji wengi wa breki mpya nao hawana nafuu. Wanaandika "ndefu" kwenye ya 47–57 na "ndefu" hiyo hiyo kwenye ya 55–73. Wanaandika "inafaa baiskeli zote za mbio". Picha ni ya mbele tu, kalipa inang'aa, bolti haionekani. Anayerudisha mzigo ndiye anayelipia usafiri, ilhali maelezo yalikuwa na upungufu tangu mwanzo, na hilo si haki. Kwa hiyo kabla ya kulipa muulize mambo matatu kwa maandishi: inafika milimita ngapi hadi ngapi, nati ni ya kawaida au ya kijineli, na bolti imetokeza urefu gani nyuma ya kalipa. Urefu huo ulinganishe na unene wa kichwa cha foku yako, uongeze washa na nati nzima. Akisema hajui, mwombe aigeuze breki na kupiga picha ya upande wa nyuma, rula ikiwa pembeni.