WhatsApp au Briar?

Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa Uganda nzima. WhatsApp ikabaki pambo tu kwenye simu. Briar ni programu ya kutumiana ujumbe isiyo na seva kuu (kompyuta ya kati ambayo ujumbe wote hupitia): hupeleka ujumbe simu kwa simu kupitia Bluetooth au Wi-Fi, hata mtandao ukikatwa. Ila masafa ya Bluetooth ni mafupi. Duka la jirani hapa Kisenyi utalifikia, shangazi aliyeko mbali huko Gulu hutampata. Na wenye iPhone wasahau, ni ya Android. WhatsApp ina watu: mteja, fundi, kikundi cha harusi (hicho hakilali!). Ujumbe wake nao husimbwa (hufichwa asiusome mtu wa kati), lakini hupitia seva za Meta, kampuni inayoimiliki. Mimi sijahama, Briar nimeiweka kama akiba, na majirani wawili nimewashawishi waipakue mapema.