Mtu wa Alfajiri na Mtu wa Usiku: Yupi Afanye Kazi Gani Kampala?

Kampala ina kazi za saa zote. Basi kabla ya kuchagua yako, jiulize mwili wako huchangamka lini hasa.

Mtu wa alfajiri anafaa soko la Kalerwe au Nakasero. Matoke na mboga hushushwa mapema, na anayefika kwa kuchelewa huokota mabaki. Mtu huyu hupiga hesabu vizuri asubuhi. Jioni, akiwa amekwama kwenye foleni ya magari, akili imeshafunga duka. Mkataba wa mkopo asiutie sahihi saa hizo.

Mtu wa usiku ndiye wa kukaanga rolex, chapati yetu ya mayai, pale Wandegeya watu wakitoka kazini na madarasani. Asubuhi anasinzia, wanamwita mvivu. Hapo sikubaliani nao. Saa ya mwili imo ndani ya seli zenyewe: Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua jinsi jeni zinavyoiendesha. Umri nao una mkono wake. Vijana wanaobalehe huchelewa kupata usingizi, wazee huwahi. Hata hivyo saa hiyo husikia mwanga, na hapa kwenye Ikweta jua halitusumbui kwa kubadili ratiba. Ukikaa nje kila asubuhi, usingizi wa usiku huwahi kidogo. Kidogo tu.

Mimi ni wa usiku. Niliwahi kujaribu biashara ya nyanya za alfajiri, zikaniozea, nikanunua kikaango.