Fraipani za seramiki: ipi uchukue kwanza na ipi uiache dukani

Wengi wakienda kununua fraipani ya seramiki wanaangalia rangi na yale maandishi ya kwenye boksi, sijui leya tano, sijui nguvu ya almasi, wakati kitu cha kuangalia kiko chini, yaani unene wa kitako. Ile leya ya seramiki iliyopakwa juu ya chuma ili chakula kisinate ina siku zake hata ununue ya bei gani, kwa mtu anayepika kila siku ni mwaka mmoja mpaka mitatu hivi halafu mayai yanaanza kunata, na sisemi hivi kuzikandia maana nazipenda sana, ni rahisi kuosha na hazina Tefloni, ile leya nyingine ya kuzuia kunata, ila hela yako iende kwenye kitu kitakachoisaidia hiyo leya ikae muda mrefu.

Kitako chembamba kinapata moto sehemu moja tu, pale katikati, mafuta yanaungua hapo na kubaki kama gundi ngumu ambayo mwanzoni wala huioni kwa macho, na chakula kinakuja kushika kwenye hiyo gundi, sio kwenye seramiki yenyewe. Fraipani kibao zinazotupwa eti zimekufa hazijafa, zimejaa tu mafuta yaliyoungulia.

Kwahiyo namba moja kwangu ni aluminiamu nene iliyomiminwa kwenye kalibu, kitako milimita 4 kwenda juu, upana wa sentimita 24 kama mnakula wawili au 28 kama mko wengi. Inachukua muda kidogo kupata moto lakini ikishapata moto unasambaa sawasawa mpaka pembeni, na hata ukiweka kitu cha baridi haishtuki. Ubaya wake ni uzito, kama mikono yako inasumbua utaona kazi kuigeuza kwa mkono mmoja.

Namba mbili, na imeikaribia sana, ni aluminiamu ngumu ya kijivu cheusi, ile wanayoandika anodaizi. Ni nyepesi kuliko ya kwanza, haibonyei hovyo, na kwa nje haichakai haraka. Kama unatumia jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, nenda na kasumaku kadogo dukani, kabandike kwenye kitako, kakidondoka hiyo fraipani haitafanya kazi kwako labda ubadilishe jiko, maana aluminiamu tupu induksheni haiioni, lazima chini wawe wameweka sahani ya chuma kinachoshika sumaku.

Namba tatu ni stenlesi yenye seramiki ndani. Hapa najua wengine watanibishia kwasababu ni nzuri kweli kweli, bodi yake inaweza kukaa miaka na miaka. Lakini ndo hapo sasa, unalipia bodi ya miaka ishirini iliyopakwa leya ya miaka miwili, leya ikichoka unabaki na chombo kizima ambacho hukitamani tena. Stenlesi nzuri nunua ikiwa tupu bila kupakwa kitu.

Ya mwisho ni ile ya bati jembamba la aluminiamu, unaishika dukani unaiona nyepesi kama mfuniko. Ikipata moto mkali mara chache tu kitako kinavimba katikati, mafuta yote yanakimbilia pembeni na yai linakaa pakavu. Na seti za vipande kumi mimi sishauri kabisa, utatumia viwili, vingine vitakaa kabatini vikikwaruzana.

Ukiwa bado dukani fanya hivi, iweke fraipani kwenye meza iliyonyooka halafu bonyeza ukingo huku na huku, ikicheza iache. Angalia na ribiti za mkono zilivyokaa kwa ndani, uchafu hupenda kujificha pale.

Halafu kuna hili la maandishi. “Haina PFOA” haimaanishi haina Tefloni, msichanganye. PFOA ni kemikali iliyokuwa inatumika kiwandani wakati wa kutengeneza Tefloni na makampuni makubwa yaliacha kuitumia kufikia 2015, kwahiyo hata fraipani ya Tefloni ya saivi inaandikwa hivo hivo na wala hawadanganyi. Nyingi zinazoitwa graniti zenye vidoadoa nazo ni Tefloni iliyotiwa madoa. Kama unataka seramiki hasa tafuta iliyoandikwa haina PTFE, ambayo ndo Tefloni yenyewe, au haina PFAS kabisa, yaani ukoo mzima wa kemikali ambao PTFE na PFOA zimo. Seramiki yenyewe sio udongo kama wa sahani, inatokana na silika, ile iliyomo kwenye mchanga, inapuliziwa ikiwa majimaji halafu inachomwa ikauke. Kampuni ya GreenPan ndo walianza kuzileta sokoni 2007, sasa hivi kila mtu anatengeneza.

Sasa matumizi, maana hapa ndo watu wanapoziua. Moto uwe wa kati au mdogo, basi. Boksi litakwambia inahimili digrii 450, sawa, seramiki inahimili, lakini mafuta mengi ya kupikia yanaanza kutoa moshi kwenye 200 na kitu tu, na yakishaungua ndo ile gundi niliyosema. Pasha fraipani kidogo, tia mafuta kijiko kimoja, yakianza kuteleza kirahisi tia chakula. Usiiache tupu jikoni ukaenda kujibu simu. Mafuta ya kupuliza ya kopo achana nayo kabisa, mengi yameongezwa kitu kinaitwa lesithini na ile ikiungua inaganda vibaya mno. Mwiko uwe wa mbao au silikoni, kijiko cha chuma hapana hata kama wameandika ruksa.

Ukimaliza iache ipoe yenyewe. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa ya moto, tshaaa, kitako kinaweza kupinda na leya ikapata nyufa ndogo ndogo. Ikipoa osha na sponji laini na sabuni, maji ya uvuguvugu, mashine ya kuoshea vyombo usiiingize japo wanasema inaruhusiwa, sabuni yake ni kali. Kabatini weka kitambaa katikati kama unazipanga.

Ikianza kunata usikimbilie kununua nyingine. Chemsha ndani yake maji yenye vijiko viwili vya bekingi soda kama dakika kumi, mwaga ikishapoa, kisha sugua taratibu na ile sponji nyeupe ya kutolea madoa ukutani, utaona rangi ya kahawia inatoka. Waya wa kusugulia usiuguse. Kama baada ya hapo yai bado linashika na mafuta umetia, au leya imebanduka mpaka aluminiamu inaonekana, hapo imeisha kweli, usiipikie nyanya wala limau kwasababu vitu vichachu vinakula aluminiamu iliyo wazi. Na kama wewe mapishi yako ni ya moto mkali kila siku, nyama ya kubabua na kadhalika, seramiki yoyote itakusumbua, chukua fraipani ya chuma cheusi kizito tu.