Nyumba mpya ya matumizi madogo ya umeme: bili inakoenda hasa

Nawaandikia wanaofikiria kununua au kujenga nyumba ya familia inayouzwa kwa sifa ya kutumia nishati kidogo. Yetu ni mpya kabisa, ina mita za mraba 140, na tumo watano: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Kazi yangu ni uhasibu, na mita ya umeme naisoma kwa jicho lile lile ninalosomea hesabu za ofisini. Tumeshaipitisha nyumba hii kwenye baridi kali na kwenye joto kali, kwa hiyo naweza kusema pesa inakwenda wapi.

Kuta, paa na madirisha vimefanya kazi yake, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Nyumba imejengwa kwa kufuata kiwango cha Passivhaus, ambacho mizizi yake ni nyumba zilizokamilika mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani. Kiwango hicho kinataka joto la kupasha vyumba lisizidi uniti 15 (uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati-saa 1,000) kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na nyumba ikipimwa kwa shinikizo la paskali 50, hewa inayovuja ndani ya saa moja isizidi 0.6 ya ujazo wake. Madirisha ni ya vioo vitatu vyenye gesi ya agoni katikati. Wakati wa baridi mama mkwe huweka kiti chake pale pale dirishani na kusoma hadi jioni, bila shali, kwa sababu kioo cha ndani hakitoi ubaridi na hakuna upepo unaopenya pembeni. Kwa mzee ambaye miguu humuuma kila hali ya hewa inapobadilika, hilo ni jambo kubwa.

Sasa hesabu. Mita za mraba 140 mara uniti 15 ni uniti 2,100 za joto kwa mwaka. Pampu ya joto, mashine inayopasha nyumba yetu, haizalishi joto hilo, inalivuta kutoka hewa ya nje na kulileta ndani, ndiyo maana uniti moja ya umeme huleta uniti tatu au nne za joto. Kwa hiyo kupasha nyumba nzima mwaka mzima kunahitaji umeme wa uniti kama 600 tu. Hilo ndilo muuzaji analolisema, na ni kweli. Asichokisema ni kwamba, kupasha vyumba kukishakuwa kudogo hivyo, bili yako haiamuliwi tena na kuta. Inaamuliwa na bafu.

Maji ya moto ndiyo mlaji mkuu wa nyumba hii. Kupandisha lita moja ya maji nyuzi moja kunataka kama wati-saa 1.16. Watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja, maji yakipandishwa nyuzi 40, ni uniti 9.3 za joto kwa siku, karibu 3,400 kwa mwaka. Na hapa pampu haina wepesi ule ule, kwa kuwa kadiri unavyotaka maji ya moto zaidi ndivyo inavyohangaika zaidi. Ikileta uniti mbili na nusu hadi tatu kwa kila uniti ya umeme, unafika kati ya uniti 1,130 na 1,360. Yaani kuoga na kuosha vyombo kunakula takriban mara mbili ya kupasha nyumba yote!

Ndiyo maana kitu cha maana kuliko vyote tulichonunua baada ya kuhamia ni vichwa vipya vya bomba la mvua. Vile vilivyokuja na nyumba vilitoa lita 12 kwa dakika. Tulivyofunga sasa vinatoa lita 7, na maji bado yana nguvu. Kuoga dakika kumi kwa vile vya zamani ni lita 120. Maji yakipandishwa nyuzi 25, ni uniti tatu na nusu za joto. Kwa vipya ni uniti mbili. Zidisha kwa watu watano, kila siku, uone.

Hapo hapo kwenye tangi la maji ya moto ndipo nina lawama na kampuni iliyojenga. Walitukabidhi nyumba hita ya umeme ya ndani ya tangi ikiwa imewashwa, bila neno lolote. Hita hiyo ni ya akiba. Yenyewe hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme, basi, haina faida ya pampu. Niliona namba za mita zikipanda usiku tukiwa tumelala, nikaita fundi mwingine, akaizima na kushusha tangi hadi nyuzi 50, huku akiacha lipande hadi 60 mara moja kwa wiki ili kuua lejionela, bakteria wa majini wanaoleta ugonjwa wa mapafu. Mtu anayelipa bei ya nyumba ya aina hii anastahili kukaa na fundi saa nzima siku ya makabidhiano na kuonyeshwa kila swichi. Sisi tulipewa faili la karatasi na funguo.

Mlaji wa pili ni vile vitu visivyolala: ruta, king'amuzi, inveta, kengele ya mlango, chaja zilizoachwa ukutani. Jumla yake ikifika wati 100 tu mchana na usiku, ni uniti 876 kwa mwaka, zaidi ya pampu inavyotumia kupasha vyumba. Katika nyumba ya zamani namba hiyo ingefichwa na gharama za baridi. Hapa inaonekana wazi. Watoto wamekabidhiwa soketi za sebuleni, na wanazizima kila usiku kwa bidii kubwa.

Mfumo wa kupitisha hewa nausifu. Nyumba isiyo na mianya lazima iwe nao, na wetu hurudisha sehemu kubwa ya joto la hewa inayotoka kwa hewa safi inayoingia. Feni zake zinatumia kama wati 40 muda wote, karibu uniti 350 kwa mwaka. Vichujio vinataka kubadilishwa mara moja au mbili kwa mwaka, na vikiziba feni hutumia umeme zaidi na vyumba huanza kunuka. Iwekeni gharama hiyo kwenye bajeti pamoja na huduma ya kila mwaka ya pampu. Msisahau pia ada ya kudumu ya umeme, ambayo hailegei hata ukitumia kidogo kiasi gani.

Paneli za sola tunazo, zinatusaidia sana mchana. Mashine ya kufulia na tangi tumevipangia saa za jua, kwa kuwa uniti unayoitumia mwenyewe ina thamani kuliko unayoiuza kwa bei ya chini.

Wakati wa joto ndipo nyumba inapohitaji uangalizi. Mtu aliyetulia hutoa kama wati 100 za joto, na sisi tuko watano, ukiongeza friji na jiko. Tabaka zile zile zinazozuia joto kutoka wakati wa baridi hulizuia pia lisiondoke jioni wakati wa joto. Mapazia ya ndani hayatoshi, kwa sababu jua likishapita kioo joto limeshaingia. Kinachosaidia ni vizuizi vya nje ya dirisha, na kampuni iliviweka kwenye orodha ya nyongeza za kulipiwa kando. Tulivifunga upande wa jua la jioni, na tangu hapo kiyoyozi cha chumba cha watoto kinawashwa kwa nadra. Ukijadiliana bei, dai viwe ndani ya mkataba kabla madirisha hayajafungwa, maana kuvipachika baadaye kunataka kutoboa ukuta na kugusa lile tabaka la kuhami joto ulilolilipia.