Darasa la bridge, Upanga: mwalimu safi, ukumbi joto

Bridge ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Kama umekulia kwenye turufu za barazani, usidhani hapa utawala watu siku ya kwanza. Nusu ya mchezo ni mnada, yaani kushindana kuahidi mizunguko mtakayoshinda, kabla karata haijatua mezani. Mzee anayefundisha hana papara. Jioni nzima alitushikilia kwenye swali moja: wapinzani wamenadi kopa nne (ahadi ya mizunguko kumi, kopa ikiwa turufu), nasi tuna shupaza nyingi, tupande shupaza nne au tunyamaze? Akapiga hesabu ubaoni. Wao wakiwa hatarini (hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi) na wakatimiza, wanavuna alama 620. Sisi tusipokuwa hatarini, tukapungukiwa mizunguko miwili, hata wakitupiga dabo, yaani kutuongezea adhabu, tunalipa 300 tu. Hapo panda! Ila tukiwa hatarini na tukapungukiwa mitatu kwa dabo, ni 800. Bora kunyamaza.

Kutetea, yaani kuwazuia walioshinda mnada wasitimize, ndiko kunakonirudisha. Kila mtu ana karata 13, na mzee anakulazimisha uhesabu za mwenye mnada, yaani anayecheza ahadi iliyoshinda: akiwa na kopa sita na shupaza nne, zimebaki tatu tu za uru na pau. Mwenzio naye akitupa karata kubwa bila kulazimika, kwa mapatano ya kawaida anakuambia endelea na aina hiyo.

Ada ni shilingi 10,000 kwa jioni, chai na kashata ndani. Feni moja tu, kwa hiyo wahi meza ya dirishani. Na njoo na mwenzako. Ukija peke yako utapangiwa yeyote, na wakongwe wengine hununa ukichelewa kunadi.