Dharura ya hospitali yetu ya wilaya: nyota nne, ya tano imekwama kwenye pazia

Jina la hospitali naliacha, maana nusu ya habari hii ni ya nyumbani kwetu.

Jumamosi saa mbili usiku tulimfikisha shangazi yangu, miaka 78, akiwa ameukumbatia mkono wa kushoto. Mjukuu anayeishi naye alishatusimulia njiani: kateleza chooni. Mapokezi hawakumweka foleni, na sindano ya maumivu ilichomwa kabla mtu hajauliza habari za bima. Hapo tu nilishataka kuwapa tano.

Lakini niliyemjia hapa ni sista. Alikuwa anamvua shangazi blauzi aende eksirei, mara akanyamaza. Akamwambia yule kijana, kwa upole kabisa, "Kaka, nenda dirisha la pili ukafungue faili." Dirisha la pili lilikuwa na watu kama ishirini, na nadhani alilijua hilo. Alipoondoka, sista akaniomba na mimi nisogee. Nikasogea hatua tatu, masikio nikayaacha.

"Bibi, kuna mtu anakuumiza nyumbani?"

Shangazi hakujibu. Alinyoosha tu mikono, ule mzima na ule mbovu, kama mtu anayeonyesha bangili. Kila kifundo kilikuwa na mchubuko wa kuzunguka. Karibu na kwapa, upande wa ndani, alama nne za vidole, na ya gumba upande wa pili.

Daktari alinieleza baadaye kwamba anayeanguka huumia zaidi magoti, viganja, paji la uso. Upande wa ndani wa mkono ni nadra. Na mfupa uliovunjika ni ule wa upande wa kidole kidogo, ambao huvunjika mtu akiinua mkono kujikinga. Hata hivyo hakurukia kumhukumu mtu. Aliuliza kwanza kama anameza dawa za kuyeyusha damu, kwa sababu ngozi ya mzee huvilia damu hata kwa kushikwa kidogo. Nilimheshimu kwa swali hilo.

Kijana alikiri kumfunga kitandani kwa kitenge, asitoke usiku. Ni kweli shangazi amekuwa msahaulifu, aliwahi kuokotwa barabara kuu. Kuhusu mkono hakusema neno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mzee mmoja kati ya sita hutendewa vibaya ndani ya mwaka. Mimi nilikuwa natuma hela ya matumizi kila tarehe tano, sijawahi hata kuuliza usiku analala na nani.

Sasa pazia. Maswali yote hayo yaliulizwa nyuma ya kitambaa kisichofika chini, na mgonjwa wa kitanda cha pili akachangia maoni! Ofisa ustawi wa jamii haji mpaka Jumatatu, ikabidi daktari amlaze shangazi siku mbili ili tu asirudi nyumba ile. PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa, niliifuata kituoni mwenyewe. Askari alitazama kibao cha Dawati la Jinsia na Watoto, akanitazama mimi, akauliza huyu wa miaka 78 amwingize wapi. Akaandika, lakini baada ya saa nzima.

Shangazi sasa yuko kwangu. P.O.P, ile plasta ngumu ya mkononi, inatolewa wiki ijayo, na tunarudi hapo hapo. Nitaomba zamu ya yule sista.